Herekali, mfalme wa Warumi, katika mashairi ya Kiyunani na ya Kiswahili



Ndugu wasomaji, jina la Herekali si geni kwetu. Ndiye mfalme wa Warumi aliyepelekewa barua na Mtume Muhammad (s.a.w.), kisha akamwita Abu Sufyan na kumhoji, kisa kilichomo katika Sahihi Bukhari. Alitawala Konstantinopoli, yaani Istanbul ya leo, tangu 610 hadi 641. Zama zake ndipo Warumi waliposhindwa na Wafursi kisha wakashinda wao, habari inayofungua Surat ar-Rum. Wakiitwa Warumi, lakini lugha yao ilikuwa Kiyunani.

Mfalme huyu alikuwa na mshairi wake, George wa Pisidia, shemasi wa kanisa kuu la Hagia Sophia. Huyu aliandika mashairi marefu ya kusifu vita vya Herekali dhidi ya Wafursi, na pia utungo juu ya siku sita za kuumbwa ulimwengu. Mkono mmoja, wino mmoja: leo upanga wa mfalme, kesho kazi ya Muumba. Hata katika mashairi yake ya vita dini imejaa tele.

Zaidi ya miaka elfu moja baadaye, Herekali akatokea tena katika shairi, safari hii kisiwani Pate, pwani ya Kenya, na sasa akiwa adui. Mwaka 1728 Bwana Mwengo wa Athumani alitunga Utendi wa Tambuka, uitwao pia Chuo cha Herekali, kwa ombi la mtawala wa Pate. Una beti zaidi ya 1,000, kila ubeti vipande vinne vya mizani nane, na kina cha mwisho ni kimoja tangu mwanzo hadi tamati. Ni katika tenzi kongwe kabisa za Kiswahili tulizo nazo kwa maandishi.

Hapa pana jambo la kuzingatiwa na wazazi. Tambuka ni Tabuk. Tunavyosoma katika Sira, Mtume (s.a.w.) alitoka na jeshi kwenda Tabuk mwaka wa 9 Hijria (630), hakukutana na jeshi la Warumi, akaweka mikataba na watu wa Ayla na wengineo, akarejea Madina. Hapakupiganwa. Vita vilikuwa Mu'ta mwaka mmoja kabla, walipouawa Zayd bin Haritha, Jaafar bin Abi Talib na Abdullah bin Rawaha (naye, kwa faida ya wanafunzi, alikuwa mshairi). Utendi unaziunganisha habari hizi mbili na kuleta vita vikubwa, mashujaa wakitajana nasaba na mapanga yakilia.

Je, mtungaji amesema uongo? Kwa maoni yangu, swali hilo linamwonea. Kazi yake ilikuwa ya dini, lakini iliombwa na mtawala na ikasikilizwa na watu waliopenda kisa cha ushujaa. Watu hao hao wa pwani, karne iliyofuata, walihifadhi tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa juu ya siasa na mapenzi. Anayetaka tarehe asome Sira. Anayetaka kujua Waswahili waliipendaje Sira asome utendi. Mtoto akipewa utendi peke yake, ataamini Tabuk palimwagika damu.

Sisi wa Bujumbura tuko mbali na Pate, lakini Kiswahili kilitufikia kwa njia za wafanyabiashara wa pwani waliopitia Ujiji na Ziwa Tanganyika, na Buyenzi bado kinasemwa majumbani. Tenzi hizo ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mwanafunzi wa madrasa anayesoma Juzuu Amma anazijua herufi hizo tayari. Kinachobaki ni kuzoea Kiamu, lahaja ya kaskazini, ambayo husema "nyota" kwa maana ya kiu na "ndia" kwa maana ya njia.