Salamu ya Mtumwa Katika Mitaa ya Dar es Salaam

Shikamoo, salamu ambayo mtoto wa Mbagala au Tandale hufundishwa kabla hajaweza kufunga vifungo vya shati lake, ilikuwa hapo awali tamko la mtumwa mbele ya bwana wake. Edward Steere, mmisionari wa Kianglikana aliyechapisha mwongozo wa Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, aliieleza kuwa ni ufupisho wa kauli ya kushika miguu na akaihusisha na watumwa; jibu lake, marahaba, lilitokana na neno la Kiarabu la kukaribisha, kwa hiyo bwana aliyeitika aliupokea unyonge wa mwenzake kama mtu apokeavyo haki yake. Waungwana, yaani watu huru wenye nasaba mjini, walitakiana sabalkheri na masalkheri, salamu zisizomwinamisha yeyote. Hata mavazi yalipimwa kwa kipimo hicho, kwani Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambaye maelezo yake ya desturi za Waswahili yalichapishwa na Carl Velten mwaka 1903, anaonyesha kuwa kofia na viatu havikuwa vya mtumwa.

Adabu hii ilikuwapo tayari pwani ya Mzizima pale Sultani Majid bin Said alipoanza kujenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860, akitegemea kwa sehemu kubwa nguvu za watumwa katika ujenzi na katika mashamba ya minazi yaliyouzunguka mji. Wajerumani hawakuufuta utumwa moja kwa moja, bali waliamuru kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa kuanzia mwaka 1906 wawe huru, na ni Waingereza waliouondoa kisheria mwaka 1922. Sheria iliondoa umiliki wa mtu. Salamu ikabaki, ila ikatafuta mwenyewe mpya.

Mwenyewe huyo alikuwa umri. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Temeke na Magomeni zilipopimwa kuwa makazi ya Waafrika, Wazaramo na Wandengereko walijikuta wakipanga chumba kando ya Wanyamwezi na Waluguru, watu ambao hawakujua nasaba za wenzao wala hawakuwa na haja ya kuziuliza, lakini mvi kila mmoja aliziona. Wengi wa wageni hao walitoka katika jamii zilizokuwa na salamu zao za kuwaheshimu wakubwa, nyingine zikiambatana na kupiga magoti, hivyo walilipokea neno la pwani pasipo kuibeba aibu yake. Kufikia mwaka 1993, wanamuziki wakongwe wa Dar es Salaam walipounda bendi ya Shikamoo Jazz, jina hilo lilitangaza uzee wao tu.

Hata hivyo, bwana wa zamani hajahama kabisa. Mwanamke wa Kinondoni mwenye miaka thelathini na kitu huweza kukasirika akiamkiwa na kondakta wa daladala, akidai anazeeshwa, na ugomvi huo ni wa umri peke yake. Lakini mlinzi mwenye mvi anapomwamkia mwenye nyumba anayelingana na mwanawe wa mwisho, majirani hawasemi kuwa mzee amekosea hesabu ya miaka, bali husema ni njaa iliyomwamkisha.