Katuni za Krismasi zilizoikemea biashara kwa pesa za biashara

Alhamisi usiku, Desemba 9, 1965, watazamaji wa CBS nchini Marekani walimwona Charlie Brown, mtoto wa katuni, akinung'unika kwamba Krismasi imegeuka soko. Mbwa wake, Snoopy, anapamba kibanda chake kwa taa ili ashinde pesa za mashindano. Dada yake mdogo anamwandikia Baba Krismasi barua: ikiwa kuchagua zawadi ni taabu, basi atume noti tu.

Aliyelipia onyesho hilo ni Coca-Cola. Siku ile ya kwanza, mtoto Linus alirushwa kwenye barafu akajibamiza kwenye bango la soda hiyo. Kipande hicho kilikatwa baadaye.

Kikulacho ki nguoni mwako. Wakati ule mtazamaji wa Marekani hakulipa ada ya kutazama televisheni. Kampuni yenye bidhaa ya kuuza ndiyo iliyogharimia vipindi, na hakuna msimu uliouza zaidi kuliko Desemba. Kwa hiyo katuni nyingi za sikukuu zilizaliwa sokoni, hata zile zilizokuja kulisema soko.

Rudolph, kulungu mwenye pua nyekundu, ni mtoto halisi wa duka. Mwaka 1939 Robert L. May, mwandishi wa matangazo wa maduka ya Montgomery Ward, alitunga kisa chake ili kiwe kijitabu cha kuwagawia wateja bure. Desemba 1964 kisa hicho kikawa filamu ya vikaragosi, vilivyosogezwa hatua kwa hatua mbele ya kamera huko Tokyo na mafundi wa Tadahito Mochinaga. Mdhamini alikuwa General Electric, watengenezaji wa vyombo vya umeme vya nyumbani. Hata hivyo, kisa chenyewe kinawatetea waliokataliwa: kulungu anayechekwa kwa pua yake, na vitu vya kuchezea vyenye kasoro vilivyotupwa kisiwani. Watazamaji waliandika barua kulalamika kwamba vitu hivyo havikuokolewa mwishoni. Mwaka uliofuata ikaongezwa sehemu inayomwonyesha Baba Krismasi akivifuata.

Desemba 1966 ikaja zamu ya Grinch, yule mwovu wa rangi ya kijani anayeiba zawadi za kijiji kizima, kisha akashangaa kuwasikia wanakijiji wakiimba vilevile. Mtunzi wake, Dr. Seuss, aliwahi kuchora katuni za siasa gazetini wakati wa Vita Kuu ya Pili, na Chuck Jones, aliyeiongoza filamu, alifanya naye kazi kwenye katuni za mafunzo ya askari. Funzo lao lilikuwa kwamba sikukuu hainunuliwi dukani. Waliolipia funzo hilo ni mabenki.

Kati ya hizo tatu, ya Charlie Brown ndiyo iliyothubutu zaidi. Wakubwa wa CBS waliiona imepooza: muziki wa jazi wa Vince Guaraldi, sauti za watoto wenyewe, hakuna kicheko cha kubandika, na juu ya hayo Linus anasoma Injili ya Luka. Mtunzi Charles Schulz alikataa kuyaondoa maneno hayo. Karibu nusu ya televisheni zilizokuwa zimewashwa usiku ule zilikuwa zikiionyesha, na mwaka 1966 ikapata tuzo ya Emmy. Miti ya Krismasi ya alumini, iliyokejeliwa humo, ilidorora sokoni miaka iliyofuata, na wengi huihesabu filamu hii kuwa mojawapo ya sababu.

Mwaka 2020 haki za kuionyesha zilikwenda Apple TV+, huduma ya kulipia. Wamarekani walilalamika, na kwa mwaka huo na uliofuata ikarushwa bure pia kwenye PBS, televisheni ya umma isiyoishi kwa matangazo. Basi filamu iliyoikemea biashara ilisubiri miaka 55 kabla ya kupata stesheni isiyouza soda.