Je, Mwili Huzoea? Habari za Vyakula Vyetu vya Kando ya Ziwa

Liko neno lisikikalo mara nyingi katika vijiji vya kando ya Ziwa, tangu Magu hata Sengerema, mtu akionywa juu ya chakula chake. Hujibu, "Mwili huzoea." Husemwa juu ya soda inywewayo asubuhi mahali pa uji, na juu ya chipsi za mjini Mwanza, na hata juu ya unga wa mihogo michungu uliotengenezwa kwa haraka. Hatutaki kulicheka neno hili, maana si uongo mtupu. Katika nchi zetu hizi hizi, miili ya watu ilipata kuzoea kweli chakula kilichokuwa kikiwadhuru. Lakini yafaa tuchungue ilizoea kwa njia gani, kwa muda gani, na ni nani waliolipa gharama.

Tuanze na maziwa. Kila mtoto mchanga huzaliwa na kimeng'enya tumboni kiitwacho laktasi, nacho kazi yake ni kuivunja sukari iliyomo katika maziwa. Kwa asili ya wanadamu kimeng'enya hiki hupungua mtoto akiisha kuachishwa ziwa. Mtu mzima asiye nacho akinywa kikombe kizima cha maziwa mabichi, tumbo humjaa na kunguruma, na mwisho huhara. Hivyo ndivyo walivyo watu wazima walio wengi duniani hata leo. Basi Mmasai anawezaje kunywa maziwa siku zake zote, na kuyafanya kuwa chakula chake kikuu?

Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walitangaza habari za uchunguzi wao. Walikuwa wamewapima watu 470 wa makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudan. Waliona kwamba wengi katika wafugaji wana badiliko dogo katika urithi wa damu yao, ambalo huiacha laktasi ifanye kazi hata uzeeni. Tena badiliko hilo si lile walilo nalo Wazungu. Lilizuka lenyewe huku Afrika Mashariki, na wataalamu hao walikadiria kwamba umri wake ni kama miaka 3,000 hadi 7,000. Hapa wale wasemao "mwili huzoea" wana ushahidi wao, nasi tunaukubali.

Lakini habari haikuishia hapo. Mwaka 2019 wataalamu wengine walitoa matokeo ya kuchunguza mifupa ya watu 41 wa kale waliozikwa Kenya na Tanzania. Ng'ombe walifika kaskazini mwa Tanzania yapata miaka 3,000 iliyopita. Na katika vigae vya vyungu vya wafugaji wa kale yameonekana mabaki ya maziwa. Kumbe katika watu wote wale 41, ni mmoja tu aliyekutwa na badiliko lile, naye alizikwa katika pango la Gishimangeda, karibu na ziwa Eyasi, yapata miaka 2,000 iliyopita. Watu 41 si wengi, na hesabu yao haiwezi kutuambia kila kitu. Hata hivyo yatosha kutuonyesha kwamba wafugaji waliishi na ng'ombe kwa vizazi vingi, na wengi wao matumbo yao yalikuwa bado kama ya watu wengine.

Waliishije basi? Twadhani jibu li katika kibuyu. Maziwa yakiachwa kugandishwa, vijidudu vyake hula sehemu ya ile sukari kabla mtu hajainywa, na tumbo hupata nafuu. Bibi zetu wa Usukuma hawakujua jina la laktasi, lakini walijua ni maziwa gani ya kumpa mgeni asiyezoea. Kwa hiyo kazi ya mikono ilitangulia, na damu ikafuata polepole sana nyuma yake.

Watoto shuleni hutuuliza kama mtu akila kitu kibaya kila siku, je, mwanawe atazaliwa na nguvu ya kukila? La, sivyo. Badiliko la urithi halizuki kwa sababu mtu amelihitaji au amejikaza. Huzuka kwa bahati, kwa mtu mmoja huku na mwingine kule, na mara nyingi halina faida yo yote. Likiwa na faida, mwenye nalo huponea pale mwenzake alipokufa, huzaa watoto, nao humrithi. Wakati wa ukame, maji yakiwa haba, mtoto aharaye kwa sababu ya maziwa hukauka na kufa. Yule ayawezaye hubaki. Hivyo ndivyo kabila "huzoea." Hata mbwa wa kijijini, alaye makombo ya ugali pasipo shida, alipata uwezo huo kwa njia hiyo: mwaka 2013 ilionekana kwamba mbwa ana urithi wa kuvunja wanga kuliko mbwa-mwitu. Wale mbwa wa kale ambao matumbo yao hayakuweza makombo, hatuna wajukuu wao.

Na faida yenyewe huweza kuja na deni. Wakazi wa Mwanza, Mara na Kagera wanaujua ugonjwa wa selimundu. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba mtoto aliyerithi chembe hiyo kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Lakini mtoto akiirithi kwa baba na kwa mama, huugua selimundu yenyewe, kwa maumivu na upungufu wa damu. Kanda yetu ya Ziwa ni mojawapo ya sehemu zenye wagonjwa hao wengi nchini. Hili si jambo la chakula, ila lafaa kukumbukwa na mtu atumainiye kwamba damu ikibadilika itabadilika kwa heri tupu.

Sasa tuje kwenye mihogo. Mmea huu si wa kwetu kwa asili. Wareno waliuleta Afrika kutoka Brazili katika karne ya 16, nao ukaenea bara polepole. Wakati wa ukoloni serikali iliwaamuru watu kuulima kuwa akiba ya njaa, kwa kuwa hustahimili jua, na ile aina chungu hukaa shambani muda mrefu kwa sababu wanyama na wezi huiogopa. Uchungu wake hufuatana na sumu iitwayo sayanidi. Wenyeji wa Amerika ya Kusini walikuwa na maelfu ya miaka ya kujifunza kuiondoa. Sisi tulikuwa na vizazi vichache tu, na twaweza kusema kwa haki kwamba mama zetu walijifunza upesi: kumenya, kuloweka au kuvundika mpaka uote ukungu, kuanika, kutwanga. Udaga tunaokula ni kazi ya siku nyingi.

Mwaka 1985 wilaya ya Tarime, upande wa mashariki wa Ziwa, ilipatwa na ukame. Vyakula vingine vikapotea, mihogo michungu ikabaki, na watu wenye njaa walifupisha kazi ya kuitengeneza. Nani awezaye kuwalaumu? Mtoto aliaye hangoji ukungu uote. Ndipo ulipozuka ugonjwa wa ghafula: mtu aliyelala mzima aliamka miguu imekakamaa, asiweze kwenda ila kwa kukokota vidole na kupishanisha magoti. Waliopatwa zaidi walikuwa watoto na wanawake. Madaktari Howlett, Mlingi, Rosling na wenzao waliuchunguza, wakautambua kuwa ni konzo, ugonjwa uliokwisha kuandikwa huko Kongo mwaka 1938. Hauui, wala hauzidi; lakini hauponi. Aliyekakamaa miguu hubaki hivyo maisha yake yote.

Katika Tarime hakuna aliyezoea. Kinachomlinda mtu ni mambo mawili: utengenezaji wa mihogo, na kitoweo. Mwili huweza kuidhoofisha sayanidi kidogo kidogo ukipata salfa, nayo hupatikana katika samaki, nyama, maziwa na mayai. Kwa hiyo dagaa wa Mwaloni juu ya ugali wa udaga si anasa ya mlaji. Tena iko njia nyepesi iliyotumiwa vijijini Kongo: unga wa mihogo hulowanishwa kwa maji, hutandazwa tabaka jembamba, na kuachwa saa 2 juani au saa 5 kivulini, sumu iliyosalia ikapaa hewani. Kisha hupikwa siku ile ile.

Yabaki soda na chipsi. Mwaka 1929 daktari Donnison, aliyefanya kazi Kisii, si mbali na Ziwa upande wa Kenya, aliandika kwamba katika wagonjwa kama 1,800 waliolazwa kwa miaka miwili hakumpata hata mmoja mwenye shinikizo la juu la damu. Alipima na wanaume 1,000, akaona kwamba shinikizo lao halipandi uzeeni kama la Wazungu. Wako waliodhani kwamba ni tabia ya damu ya Mwafrika. Tena mwaka 1989 madaktari walitangaza matokeo ya kupima vijiji 6 vya Tanzania, ambamo wenye kisukari hawakufika mtu 1 katika 100. Kipimo cha nchi nzima cha mwaka 2012, kwa watu wa miaka 25 hadi 64, kilitoa kama 9 katika 100. Vipimo hivi havikufanywa kwa namna moja, wala hatupaswi kuvilinganisha kama debe na debe; lakini tofauti ni kubwa mno. Katika miaka 23 damu ya taifa haiwezi kugeuka. Kilichogeuka ni sahani, na kikombe, na jembe lililowekwa chini.

Mtu atauliza kama baada ya miaka 3,000 wajukuu wetu hawatakuwa na miili iiwezayo sukari kama Wamasai na maziwa. Kwa maziwa, mtoto asiyeyaweza alikufa kabla ya kuzaa. Kisukari cha ukubwani humjia mtu kwa kawaida akiwa na miaka 40 au 50, amekwisha kuoa, amekwisha kuzaa watoto sita, na udhaifu wake amekwisha kuwarithisha wote. Humwondolea macho na miguu, humla mali ya jamaa kwa dawa, wala hakipunguzi hesabu ya watoto wake. Ni kwa mama mwenye mimba tu ndipo sukari ya damu hugusa uzazi wenyewe, maana huweza kuharibu mimba, au mtoto akawa mkubwa kupita kiasi na kuzaliwa kwa taabu. Mama huyo ndiye ambaye zahanati humpima sukari anapokwenda kliniki, naye huambiwa apunguze soda mwezi ule ule.