Habari za Kifuniko cha Injini ya Eropleni

Wengi wetu tumepata kusoma habari za ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright, walioruka kwa eropleni yao tarehe 17 Desemba 1903. Lakini habari za wale waliokuja baadaye, wakakitengeneza chombo kile kipande kwa kipande hata kikafaa kwa safari, husomwa na wachache. Leo twataka kueleza habari za kipande kimoja tu, yaani kifuniko cha injini, kwa kuwa mna mafundisho ndani yake kwa kila mtu afanyaye kazi ya mikono.

Katika miaka iliyofuata vita vya 1914 hata 1918, eropleni nyingi zilitumia injini zilizopozwa kwa upepo wala si kwa maji. Silinda zake zilipangwa kuzunguka kitovu kama spoki za baiskeli, na kila silinda ilikuwa na mapezi membamba ya chuma, ili upepo upite katikati yake na kuchukua joto. Injini ya namna hiyo, yenye silinda 9, ndiyo iliyomvusha Charles Lindbergh peke yake bahari ya Atlantiki mwaka 1927, na silinda zake zilitokeza nje. Upepo ulizipoza vema. Lakini upepo ule ule ulizipiga na kuizuia ndege, kama maji yazuiavyo mtumbwi ulionaswa na matawi.

Basi, kwa nini wasiifunike? Hilo ndilo lililokuwa shauri gumu. Injini ikiachwa wazi, ndege hupunguza mwendo na kula petroli nyingi. Ikifunikwa ovyo, hupata joto kupita kiasi. Na injini ikifa juu ya bahari au milima, rubani na abiria wake wamo katika mauti.

Shauri hilo lilishikwa na halmashauri ya serikali ya Marekani iliyoitwa NACA, iliyoanzishwa mwaka 1915. Huko Langley, katika Virginia, mwaka 1927 walimaliza kujenga njia kubwa ya upepo, yenye upana wa futi 20, hata injini nzima pamoja na rafadha yake ikaweza kujaribiwa ndani. Upepo ule ulivumishwa kwa injini mbili za nyambizi, kila moja yenye nguvu za farasi 1,000. Mkuu wa kazi hiyo alikuwa mhandisi Fred Weick. Yeye na wenzake walijaribu namna 10, toka injini iliyo wazi kabisa hata iliyofunikwa yote.

Kifuniko kilichofunika yote kilipunguza sana kizuizi cha upepo, lakini silinda zikapata joto mno. Hawakukitupa. Walibadili matundu yake, wakatia ndani vibati vya kuuongoza upepo mahali palipo na joto zaidi, wakapima, wakabadili tena, hata injini ikapoa kama inavyopasa. Siri yake ni hii: hewa iingie kwa mbele, isipotee pembeni, ipite katikati ya mapezi, kisha itoke nyuma kwa mwanya uliopimwa.

Mwaka 1928 walikijaribu angani. Ndege ya Curtiss iliyokwenda maili 118 kwa saa sasa ilikwenda maili 137, kwa injini ile ile. Mwezi wa Februari 1929 Frank Hawks aliruka kutoka Los Angeles hata New York kwa muda wa saa 18 na dakika kadhaa, katika ndege ya Lockheed yenye kifuniko hicho. NACA ikapewa tuzo ya Collier ya mwaka 1929.

Hata hivyo kazi haikuisha. Walipokitia katika ndege ya Fokker yenye injini tatu, faida ilikuwa ndogo, kwa kuwa injini mbili zilining'inia chini ya bawa. Wakapima tena, wakaona kwamba yafaa injini ikae sawa na ukingo wa mbele wa bawa. Hivyo ndivyo zilivyowekwa injini za DC-3, iliyoruka mara ya kwanza tarehe 17 Desemba 1935, miaka 32 kamili baada ya ndugu Wright. Wazee wa Afrika Mashariki waliijua ndege hiyo kwa jina la Dakota.

Hata leo wako watu wanaojijengea ndege ndogo nyumbani kwao, na sheria ni ile ile. Kifuniko kisipokaa vema, hewa huponyoka penye nyufa bila kuigusa injini. Fundi mwenye busara huziba nyufa, hutazama mwanya wa kutokea, hupima joto, kisha ndipo huruka.

Mama apikaye kwa jiko la makaa aijua kanuni hii: mlango wa upepo ukizibwa, moto hufa, ukiachwa wazi mno, makaa huisha bure. Nasi, kazi yetu isipokaa sawa, tusiseme upesi kwamba haifai. Tutafute kwanza ni wapi isipokaa, tupime, turekebishe. Papo kwa papo kamba hukata jiwe.