Maktaba Juu ya Mgongo wa Baghala

Nchi inapopungukiwa na fedha, halikosi kuulizwa swali hili: mwenye njaa ana haja gani na maktaba? Hospitali haina dawa, daraja limechukuliwa na mafuriko, nasi twanunua vitabu? Msomaji, usimcheke aulizaye hivyo. Kitabu hakiliwi, wala hakimtibu mwenye homa. Lakini swali hilo si geni. Liliwahi kuwafikia watu wasiokuwa na kitu, wakalijibu kwa vitendo, na yafaa tutazame jibu lao kabla hatujatoa letu.

Watu hao ni wakazi wa milima ya mashariki ya Kentucky, katika nchi ya Marekani. Usidhani kwamba Marekani yote ni majumba marefu na taa za umeme. Katika milima ile barabara zilikuwa chache mno, na mara nyingi njia ya kumfikia jirani ilikuwa ni kufuata mkondo wa kijito, mnyama akikanyaga maji na mawe. Watu waliishi kwa kulima miteremko isiyo na rutuba na kwa kuchimba makaa ya mawe. Mwaka 1929 masoko ya hisa yalianguka, ukaja Mdororo Mkuu wa Uchumi. Kufikia mwaka 1933 karibu robo ya wafanyakazi wote wa Marekani hawakuwa na kazi. Milimani machimbo yalifungwa, na nyumba ambazo hata awali hazikuwa na akiba zikabaki mikono mitupu.

Hata hivyo, habari yetu yaanza kabla ya dhiki hiyo. Mwaka 1913, katika mji mdogo wa Paintsville, mwanamke aitwaye May Stafford alianzisha maktaba ya kuwapelekea watu wa milimani vitabu kwa wanyama. Aliyetoa fedha alikuwa John C. C. Mayo, tajiri wa makaa ya mawe. Mwaka 1914 Mayo akafariki dunia, na maktaba ikafa pamoja naye. Wasomaji walikuwapo, haja ilikuwapo, wanyama walikuwapo. Mfuko ndio uliokuwa wa mtu mmoja. Nakuomba uliweke jambo hili moyoni, maana tutalirudia.

Miaka ishirini hivi ikapita. Serikali ya Rais Franklin Roosevelt ilikuwa ikitafuta kazi za kuwapa wasio na kazi, na mwaka 1935 ikaunda shirika kubwa lililojulikana kama WPA. Shirika hilo lilijenga barabara, madaraja na shule, na pia likawaajiri watu, wengi wao wanawake, kuwa wakutubi wa kupanda farasi na baghala, yaani wana wa punda na farasi. Ujira wao ulikuwa dola 28 kwa mwezi. Mnyama alikuwa juu ya mkutubi mwenyewe: kama hakuwa naye, alimkodi. Kwa juma moja mkutubi alisafiri zaidi ya maili 100, kiangazi na baridi, vitabu vikiwa ndani ya shogi zilizoning'inia ubavuni, au ndani ya foronya pale ambapo hapakuwa na shogi. Kufikia mwaka 1936 kazi hii ilikuwa ikizifikia familia 50,000, na mwaka 1937 shule 155 zilikuwa zikipelekewa vitabu.

Sasa angalia jinsi gharama zilivyogawanywa, maana hapo ndipo penye somo kwetu. Maktaba hukaa juu ya mafiga matatu: mtu wa kuihudumia, nyumba ya kuiweka na vitabu vya kusomwa. Serikali kuu ililipa figa la kwanza tu. Nyumba na vitabu vilitoka kwa wenyeji na wafadhili. Kwa hiyo chumba kilipatikana popote penye nafasi, na vitabu vilitoka kila upande vikiwa vikuukuu, vimechanika migongo. Chama cha wazazi na walimu cha Kentucky kilifanya mchango wa kuwaomba wanachama wake senti moja moja ili vitabu vipya vinunuliwe. Senti moja, msomaji! Hapana shaka waliochanga walikuwa na mahali pengine pa kuipeleka.

Wala hakikutupwa kitu. Gazeti lililochakaa hata halikuweza kusomwa tena lilikatwa vipande. Maelezo ya mapishi, ya kushona na ya kutunza nyumba yakabandikwa katika daftari, na daftari lile likazungushwa nyumba hadi nyumba kama kitabu kingine chochote. Kadi za Krismasi za zamani ziligeuzwa kuwa alama za kuwekwa katikati ya kurasa, ili wasomaji wasikunje pembe za vitabu. (Wale mkunjao pembe za vitabu vya shule, mmesikia.) Watoto walipenda vitabu vya picha, nao waliwasomea wazee wao wasiojua kusoma, ambao milimani kule hawakuwa wachache.

Je, fedha hizo ziliibwa kutoka kinywani mwa wenye njaa? Zile dola 28 ziliingia katika jikoni za watu waliokuwa hawana kazi. Aliyelipwa alinunua unga; aliyetembelewa alipata la kusoma. Naungama kwamba si kila matumizi ya maktaba yaweza kutetewa kwa urahisi hivyo, na mimi sitetei marumaru mlangoni wala viti vya ofisi vya ngozi. Lakini hata katika miji mikubwa ya Marekani mambo yalikuwa namna hiyo hiyo: katika miaka ile ile ambayo mabaraza yalipunguza fedha za maktaba, wasomaji waliongezeka. Asiye na kazi hana fedha za kununua gazeti, naye atafuta kazi. Mahali pa kulisoma bure ni maktaba.

Kisha ikaja vita kuu. Viwanda vikahitaji watu, ukosefu wa kazi ukapungua, na mwaka 1943 WPA ikafungwa. Siku ujira ulipokoma, baghala nao walikoma. Yaliyompata May Stafford mwaka 1914 yakarudi. Tofauti ni kwamba safari hii si tajiri aliyefariki, bali ni serikali iliyoihesabu maktaba kuwa dawa ya dhiki, ya kuachwa mara dhiki inapopoa. Sehemu nyingi za milimani zilikaa bila huduma hiyo mpaka magari ya vitabu yalipoanza kupita katika miaka ya 1950. Mwaka 1956 ndipo Bunge la Marekani lilipopitisha sheria ya kusaidia maktaba za mashambani kwa fedha za serikali kuu.

Turudi kwetu. Katika Mdororo ule ule, mwaka 1931, Nairobi ilifunguliwa Maktaba ya McMillan, jengo zuri la nguzo za mawe, ukumbusho wa tajiri mzaliwa wa Marekani. Mwafrika, aliyekuwa akitozwa kodi ya nyumba na ya kichwa, hakuruhusiwa kusoma humo hadi utawala wa kikoloni ulipokaribia mwisho. Huo ndio mfuko wa mtu mmoja kwa sura nyingine: mwenye kutoa ndiye achaguaye wa kuingia. Baada ya Uhuru, mwaka 1965, Bunge letu lilitunga sheria ya kuunda bodi ya huduma za maktaba ya taifa. Na mwaka 1996, nchi ikiwa katika miaka migumu, bodi hiyo ilianzisha Garissa maktaba ya ngamia, masanduku ya vitabu yakifungwa migongoni mwa wanyama kuwafuata wafugaji waendako. Sijui kama walioibuni waliwahi kusikia habari za Kentucky. Haja yaweza kufundisha jambo moja katika nchi mbili.

Katiba ya mwaka 2010 iliziweka maktaba mikononi mwa serikali za kaunti. Basi swali la kitabu na mkate sasa laamuliwa karibu na nyumbani kwako. Kila mwaka makadirio ya kaunti hupelekwa katika bunge la kaunti kabla ya Aprili 30, kwa ajili ya mwaka wa fedha uanzao Julai 1, na Katiba yataka wananchi washirikishwe. Yafungue, au mwombe mwalimu wako ayafungue pamoja nanyi darasani, mtafute palipoandikwa maktaba. Mkipakuta, tazameni ni figa lipi lililopewa fedha: paa, vitabu, au yule mtu anayefungua mlango asubuhi.