Safu ya Lugha: Kuhama si kuasi

Siku hizi mbunge akibadili chama tu, waandishi wetu humwita "mwasi". Sivyo. Asi limetoka Kiarabu, maana yake kukataa kutii, na asiyetii ni lazima awe bado chini ya anayemwamuru. Askari huasi akiwa kambini. Mbunge anayepinga msimamo wa chama chake huku kadi yake ingali mfukoni, huyo ndiye mwasi.

Anayehama hufunga virago. Tatizo la mwanasiasa wa Tanzania ni kwamba kiti hakiingii katika virago hivyo: Ibara ya 71 ya Katiba inasema mbunge akiacha uanachama wa chama alichokuwamo alipochaguliwa, ubunge umekwisha. Maulid Mtulia wa Kinondoni aliiacha CUF mwishoni mwa 2017, akarudi bungeni 2018 kwa tiketi ya CCM, baada ya uchaguzi mdogo. Kuhama kuko wazi hapo, tena kwa gharama ya umma.

Enzi hizo ndipo tulipoletewa "kuunga mkono juhudi", za Rais Magufuli. Kuunga mkono ni kukubaliana na mtu, na hilo hufanyika hata kutoka kiti cha upinzani. Mtaani likafupishwa, "ameunga juhudi", kila mtu akajua fulani kahama. "Msaliti" nalo waachieni wenye chama kilichokimbiwa. Kule alikopokewa anaitwa mwana mpotevu. Mwandishi wa habari aandike "amehama" au, akijua alikokwenda, "amehamia".