Roketi ya Usiku na Siri ya Luvua

Usiku wa kuamkia tarehe 11 Desemba 2020 sikulala. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka hapa Kamwokya, ndani ya muzigo wetu wa chumba kimoja, simu imeegemezwa kwenye jerikeni ya maji. Kafyu ya korona ilikuwa bado ipo, kwa hiyo hata bodaboda za Kira Road zilikuwa kimya. Nilikuwa nimenunua bando la usiku kwa sababu ndilo la bei nafuu, na nilitaka kuona roketi ikiruka.

Ilipofika saa kumi na dakika tisa alfajiri kwetu, kule Cape Canaveral, Marekani, ilikuwa bado tarehe 10, saa mbili na dakika tisa za usiku. Roketi inaitwa Delta IV Heavy: mitungi mitatu mirefu imesimama bega kwa bega, urefu wake zaidi ya meta 70. Mwezi wa Agosti walikuwa wamejaribu kuirusha, ikajizima yenyewe sekunde tatu kabla ya kuondoka. Safari hii ikawaka. Roketi hiyo ilikuwa ikitumia haidrojeni, na haidrojeni ilipowashwa, moto ulipanda kwanza mwilini mwa roketi yenyewe. Ukiona mara ya kwanza unadhani imeungua. Halafu ikatoka ndani ya ule moto, polepole, na usiku wote wa kule ukawa kama mchana.

Mjomba wangu, mzee wa Manono, alikuwa macho. Wazee hawana usingizi. Akainua kichwa akaangalia simu, akauliza, "Mwipwa, beko natuma nini kule juu?"

Nikamwambia: "Mujomba, hawasemi. Ni siri ya serikali."

Akacheka kidogo. "Basi ni kama ile ya kwetu."

Dakika chache baadaye kifuniko cha juu kilifunguka na kuanguka, na matangazo yakafungwa hapo hapo. Ndiyo desturi yao. Wanakuonyesha moto, lakini mzigo hawakuonyeshi. Mzigo ule ulikuwa wa NRO, idara ya Marekani inayomiliki satelaiti za ujasusi. Idara hiyo ilianzishwa mwaka 1961, na serikali yao haikukiri hadharani kwamba ipo mpaka mwaka 1992. Miaka 31 ofisi nzima ilifanya kazi, na wananchi waliokuwa wakiilipia kodi hawakuruhusiwa kujua hata jina lake.

Lakini naandika kwa sababu ya lile neno la mjomba: "ile ya kwetu." Vijana wengi Wakongomani niliowauliza hapa Kampala hawajui kwamba nchi yetu iliwahi kuwa na uwanja wa kurushia roketi.

Ulikuwa kaskazini ya Katanga, ambayo wakati huo Mobutu alikuwa ameibatiza Shaba, juu ya uwanda ulioinuka kandokando ya mto Luvua. Kampuni ya Ujerumani Magharibi iitwayo OTRAG, chini ya mhandisi Lutz Kayser, ilipewa na serikali ya Zaire eneo la kilometa za mraba zipatazo 100,000. Hiyo ni zaidi ya theluthi moja ya Uganda yote, ziwa na nchi kavu. Muda wa mkataba ulikuwa mpaka mwaka 2000. Mkataba ulipovuja na kuchapishwa na magazeti, watu wakasoma kwamba kampuni inaweza kulitumia eneo hilo bila kizuizi, na kwamba mtu haingii bila ruhusa yake.

Roketi zao zilikuwa za wazo rahisi. Badala ya kutengeneza injini moja kubwa ya gharama, unachukua mabomba mengi ya aina moja, unayafunga pamoja kama kuni. Ukitaka nguvu zaidi, unaongeza mabomba. Ndoto ya Kayser ilikuwa kupeleka satelaiti angani kwa bei ya chini, na wateja wawe nchi yoyote yenye pesa.

Roketi ya kwanza iliruka tarehe 17 Mei 1977. Ya pili tarehe 20 Mei 1978. Hebu tuitazame hiyo tarehe ya pili vizuri. Siku moja kabla yake, tarehe 19, askari wa miavuli wa Ufaransa walikuwa wameshuka Kolwezi, katika Shaba hiyo hiyo, kwa sababu waasi waliotoka Angola walikuwa wameuteka mji na watu walikuwa wanauawa. Kusini damu inamwagika, kaskazini roketi inapanda. Tarehe 5 Juni 1978 Mobutu mwenyewe akaja kuangalia ya tatu. Ikapanda kidogo, ikapinda, ikaanguka bondeni mbele ya macho yake.

Basi, maneno yakaanza. Urusi ikasema Wajerumani wanajaribu makombora ya vita kwa siri. Angola ikaogopa, na majirani wengine wakauliza maswali. Mwenyekiti wa bodi ya kampuni alikuwa Kurt Debus. Huyo aliwahi kufanya kazi ya makombora ya V-2 ya Hitler, kisha akahamia Marekani na kuongoza kituo cha anga cha Kennedy, jirani kabisa na Cape Canaveral, wakati watu wanapelekwa mwezini. Ukiwa na mtu kama huyo, nani atakuamini ukisema unarusha mabomba tu? Mwaka 1979 Mobutu akashindwa na shinikizo, akawafukuza. Wakaenda Libya. Kutoka Luvua hakuna satelaiti hata moja iliyofika angani.

Mjomba wakati huo alikuwa kijana Manono, mji wa migodi ya bati. Nilimuuliza waliambiwa nini. Akasema: "Hatukuambiwaka kitu. Tulisikia kwa watu ya malori. Mwingine anasema ni bomu, mwingine anasema bazungu wanatafuta dhahabu na moto. Sisi tulijua tu kama kule hauendi."

Hapo ndipo nilipoanza kufikiri kuhusu siri. Roketi haifichiki. Inanguruma, inawaka, mtoto anaiona. Serikali kubwa zote zilijua kuhusu Luvua na zilibishana juu yake kwa lugha tano. Aliyekosa habari ni mwenye shamba karibu na uzio. Kwa hiyo siri ile haikumzuia adui. Ilimzuia jirani.

Isitoshe, mambo hayakulazimika kuwa hivyo. Pwani ya Kenya, kwenye ghuba ya Ngwana karibu na Malindi, Waitaliano walisimamisha jukwaa baharini. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, satelaiti ya Marekani ya kuchunguza nyota iliruka kutoka pale, ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Dunia nzima iliambiwa imebeba nini, na matokeo yake wanasayansi bado wanayataja.

Sisi wakimbizi tunaishi chini ya macho mengi. Mwaka 2018 tulihakikiwa Uganda nzima kwa alama za vidole na mboni za macho. Picha za satelaiti hutumika kuhesabu mapaa ya kambi. Sisemi ni vibaya. Picha ya juu inaweza kuonyesha kwamba kijiji kimechomwa wakati serikali inakataa, na hesabu nzuri inaleta chakula cha kutosha. Lakini kwa ninyi mnaofanya kazi na sisi, naomba neno moja. Mkituhesabu kutoka juu, shukeni mtuambie mmeona nini na kitafanyiwa nini. Mtu asiyeambiwa hujiambia mwenyewe, na atakachojiambia ni bomu.

Na ninyi ndugu zangu wa Nakivale, Kyangwali na Rwamwanja, hili hapa. Kuna watu wa kawaida katika nchi mbalimbali, wengine wastaafu, ambao hutoka nje usiku na darubini za mkono na saa, wakaandika kila kidoa cha mwanga kinachopita. Kwa kulinganisha daftari zao wamejua njia za satelaiti nyingi za siri. Kuhusu ile ya Desemba, wanaamini ni sikio kubwa la kunasa mawasiliano, liko kilometa kama 36,000 juu yetu. Hakuna aliyewapa ruhusa. Waliangalia, wakaandika tarehe, wakaulizana.

Asubuhi ile kafyu ilipoisha nilitoka kununua chapati. Niliporudi mjomba alikuwa amelala hatimaye. Nikachukua daftari la mtoto la shule, nikaandika alichosema, na tarehe juu yake.